Udongo Wetu na Maji ya Maziwa

Katika jubilei twahesabu mema tuliyopewa; yafaa tuhesabu na udongo wetu. Maji ya Karatu hushuka pande mbili, Manyara na Eyasi, na maziwa hayo hayana mto utokao. Maji hupanda hewani kwa nguvu za jua, bali udongo ulioletwa nayo hukaa.

Mwaka 1914 serikali ya Wadachi iliutenga msitu wa nyanda za juu za Ngorongoro. Waingereza wakauthibitisha mwaka 1927. Waliona vema, kwa maana miti ile hunasa mvua na ukungu, nazo chemchemi zetu hupata maji kwake. Lakini msitu peke yake hautoshi.

Wazee wa Wairaqw, huko milimani Mbulu, walikuwa na ardhi finyu, nao waliitunza mno. Ng'ombe walilala ndani ya nyumba, samadi yao ikabebwa mpaka shambani, na matuta yakaukinga mteremko. Walipohamia Karatu waliona uwanda mpana. Tusiwalaumu, nani asiyefurahia nafasi? Plau zikaja, kisha matrekta, na wengi wakayaacha matuta. Makorongo tuyavukayo twendapo kanisani yalizidi kwa sababu hiyo.

Siku hizi wako wakulima wapandao mbaazi na ngwara kati ya mahindi, ili ardhi isikae uchi. Lakini baada ya mavuno mifugo huingia na kula mabua yote, hata mvua ya kwanza ikaukuta udongo wazi. Hapo mkulima na mchungaji wangali wakibishana, na mara nyingi ni mtu yule yule mmoja.