Kambove: miaka mia ya kumhesabu mtoto

Mwaka 2013 shirika la World Vision lilitoa ripoti juu ya watoto wanaochimba, kubeba na kuosha mawe ya madini huko Kambove, mji mdogo wa migodi ulio kama kilomita 25 kaskazini-magharibi ya Likasi, katika Katanga, kusini mwa Kongo. Asilimia 19 ya watoto waliohojiwa walisema wamewahi kumwona mtoto akifa machimboni. Asilimia 67 walikuwa na kikohozi kisichoisha, asilimia 87 walilalamika maumivu ya mwili. Wasichana kadhaa walikuwa na maambukizi sehemu za siri kwa sababu ya kufanya kazi ndani ya maji ya asidi yaliyowafika kiunoni.

Takwimu hizo zilisambaa, na zilistahili. Mimi nilinaswa na jambo dogo zaidi: watoto hao waliulizwa. Kambove ni mji uliojua kuwaandika watoto wake daftarini tangu zama za babu zao, uzito wao, umri wao, posho yao na siku walizokosa darasani. Kuwauliza ni habari nyingine.

Mwanzoni hata daftari halikuwa na mtoto. Kampuni ya madini ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, reli kutoka kusini ikafika Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na kufikia 1913 ilikuwa Kambove. Mgodi ulitaka mikono. Mawakala walizunguka vijijini na ng'ambo ya mpaka, Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland (Zambia na Malawi za leo), wakikusanya wanaume kwa mikataba ya miezi michache. Mke alibaki kijijini, na mtoto alibaki na mama. Kampi ilikuwa ya wanaume watupu, na vifo vilikuwa vingi. Aliyepona alirudi kwao, akaletwa mwingine.

Biashara hiyo ilikuwa ghali. Miaka ya 1920 ilipokuwa ikielekea ukingoni, kampuni ilibadili mwendo: mfanyakazi aje na mke, apewe nyumba, asaini miaka mitatu. Aliyesimamia fikra hiyo kwa bidii kuliko wote ni daktari wa kampuni, Léopold Mottoulle. Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Mtoto akizaliwa kampini, akanyonya vizuri, akapimwa, akachanjwa, akasomeshwa kiasi, basi baada ya miaka kumi na kitu kampuni inapata mfanyakazi ambaye haikumfuata mbali wala kumfundisha upya saa ya king'ora. Mwaka 1946 Mottoulle alichapisha kitabu kizima juu ya siasa hiyo ya kijamii ya Union Minière, na hakuona haya kuieleza kama uwekezaji.

Ndivyo mtoto wa Kambove alivyoingia daftarini. Mama mjamzito aliandikishwa kliniki. Mtoto mchanga aliwekwa kwenye mizani. Posho ya baba ilipimwa kwa ukubwa wa familia, kwa hiyo kila kichwa kipya kilikuwa na kipimo chake cha unga. Shule zilikabidhiwa wamisionari, na Katanga hiyo ilikuwa ya Wabenedikto chini ya Jean-Félix de Hemptinne. Wavulana walifundishwa kusoma, kuhesabu na utii wa kazi, wasichana wakafundishwa na masista kushona, kupika na kutunza nyumba. Mtoto akitoroka masomo (na Katanga hadi leo "masomo" ndiyo shule yenyewe), haikuwa siri ya familia. Ilikuwa kesi ya mkuu wa kampi, na baba aliitwa.

Sitaki kuidharau kazi hiyo. Watoto waliishi ambao wangekufa. Walikula, walivaa, walijua herufi. Ukiongea na mzee aliyekulia kampi za Kambove, Panda au Shituru, utaona macho yanavyong'aa akikumbuka mpira, bendi na gunia la unga. Lakini angalia habari zilivyokuwa zikitembea. Kila kitu kilichomhusu mtoto kilipanda kwa mkuu wa kampi: mizani ilisema, mwalimu alisema, sista alisema. Haikuwepo njia ya mtoto mwenyewe kusema, na hasa kusema dhidi ya mmoja wa hao. Akichapwa darasani hadi damu itoke, angemshitakia nani? Fimbo ilikuwa lugha ya serikali nzima ya kikoloni, kuanzia barazani hadi gerezani. Shule haikuwa kisiwa.

Kampuni ilitaifishwa chini ya Mobutu mwanzoni mwa 1967, na baadaye ikaitwa Gécamines. Jina lilibadilika, mfumo ukaendelea: hospitali, shule, posho. Watu wakasema kwa Kiswahili cha kwetu, kazi njo baba, njo mama. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu aliutafuta mwisho wa msemo huo, na kitabu chake cha mwaka 2001 kinasimulia wana wa Shaba, jina la Katanga chini ya Mobutu, walioachwa na baba yao. Baba huyo ni kampuni.

Kuachwa kwenyewe kulikuja upesi. Mwaka 1986 Gécamines ilizalisha shaba tani zipatazo 476,000. Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto, kule Kolwezi, iliporomoka. Mwaka 1992 na 1993 familia za asili ya Kasai zilifukuzwa Likasi na miji ya jirani, maelfu wakalala stesheni wakingoja treni, na watoto wakapoteza darasa na nyumba kwa pamoja. Kufikia 1994 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi tani 30,000 hivi. Mishahara ilikatika kwa miezi, kisha miaka. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondolewa kwa mpango uliogharamiwa na Benki ya Dunia, mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari. Neno "hiari" hapo limebeba mzigo usio wake.

Mwaka mmoja kabla, Julai 2002, sheria mpya ya madini ilikuwa imeruhusu uchimbaji wa mikono kwa Mkongo mwenye kadi, tena aliye mtu mzima. Machimboni hapakuwa na aliyekagua umri. Mama aliyezoea gunia la unga alijikuta na karai, na mtoto pembeni akichambua mawe ya kijani kutoka kwenye mabaki ya mgodi uliomlisha babu yake.

Na shule je? Hapa ndipo mtu wa mbali huikosea Kambove. Anadhani machimbo na darasa ni sehemu mbili zinazovutana, mtoto yuko huku au kule. Tangu miaka ya mwanzo ya 1990, serikali iliposhindwa kulipa walimu, wazazi Kongo nzima ndio waliobeba mishahara hiyo kupitia michango, juu ya ada ambayo kwetu ni minerval. Asiyelipa alirudishwa nyumbani, mara nyingi mbele ya wenzake. Januari 2016 Amnesty International na Afrewatch walieleza, katika ripoti yao juu ya kobalti ya kusini mwa Kongo, watoto waliofanya kazi hadi saa 12 kwa siku kwa ujira wa faranga 1,000 hadi 2,000. Walikuwamo waliokuwa wanafunzi: walichimba wikendi, wakati wa likizo, kabla na baada ya masomo. Maana yake ni kwamba mawe ndiyo yaliyomweka mtoto darasani. Mwalimu aliyemfukuza Jumatatu kwa deni alimpokea Alhamisi akiwa na pesa na kikohozi. Mwalimu huyo naye alikuwa na watoto nyumbani. Sioni wepesi wa kumlaani.

Sheria haikukosekana. Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto Septemba 1990. Katiba ya Februari 2006 ilisema elimu ya msingi ni ya lazima na ni bure katika shule za umma. Sheria ya ukatili wa kijinsia ya Julai mwaka huohuo inazidisha adhabu pale anayemnajisi mtoto anapokuwa mwalimu wake. Kisha ikaja sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, inayomlinda mtoto hadi miaka 18, inayokataza kumwajiri kabla ya 16 na inayounda mahakama za watoto. Ni maandishi mazuri. Ila yalikabidhiwa shule ambazo mlinzi wake wa kwanza, mwalimu, alikuwa akiishi kwa mfuko wa mtoto anayepaswa kumlinda.

Mwalimu wa namna hiyo anashika vitu viwili, orodha ya wadaiwa na alama za mtihani. Wakongo wamebuni kwa Kifaransa jina la kejeli kwa alama anazopewa msichana kwa kumkubali mwalimu: ni alama zinazoambukizwa kwa ngono, kama vile ugonjwa. Watu hucheka. Mzaha huo unazungumzwa zaidi kuhusu sekondari na vyuo, lakini mtoto wa darasa la sita husikia kila kinachochekesha wakubwa, na anajifunza kwamba jambo hilo linajulikana na halina pa kupelekwa.

Septemba 2019 serikali ya Félix Tshisekedi ilianza kutekeleza elimu bure ya msingi. Madarasa yalifurika, walimu wengi wakabaki nje ya orodha ya malipo, na Machi 2020 shule zote zikafungwa kwa korona. Hata hivyo mimi naihesabu hatua hiyo kuwa kubwa kuliko miradi yote ya wafadhili, ukiwemo ule wa Benki ya Maendeleo ya Afrika kwa watoto wa kobalti wa Haut-Katanga na Lualaba. Inapotekelezwa kweli, inamnyang'anya mwalimu orodha ya wadaiwa, na mwalimu asiye na orodha hiyo anaweza kuanza kusikia mambo mengine.

Kwa hiyo nina ombi kwa mkuu wa shule ya msingi, wa Kambove au wa popote, atakayeshika gazeti hili. Usisubiri mradi. Chukua chaki au rangi, andika ukutani kwa Kiswahili, kwa urefu ambao mtoto wa darasa la kwanza anaufikia kwa macho, jina la mtu mzima ambaye mtoto anaweza kumwambia kilichompata. Kisha andika jina la pili, la mtu asiyekaa ofisi moja na wa kwanza, kwa siku ambayo anayeshitakiwa ni huyohuyo wa kwanza.