Safari ya Kulizunguka Ziwa Albert

Mtu akitoka Djugu akielekea mashariki, hufika mahali ambapo nchi inakatika ghafula, akaliona Ziwa Albert chini kabisa. Hapo hujiuliza: Je, ziwa hili laweza kuzungukwa? Swali hilo ni la zamani.

Wanyoro waliliita Mwitanzige, yaani mwua-nzige. Tarehe 14 Machi 1864 Mwingereza Samuel Baker na mkewe Florence walilifikia kwa upande wa Bunyoro. Baker akalipa jina la Albert, marehemu mume wa Malkia Victoria. Ng'ambo ya maji aliona milima ya rangi ya buluu. Ndiyo milima yetu sisi. Lakini hakulizunguka ziwa, akadhani laendelea mbali sana kusini. Mwaka wa 1876 Mwitaliano Romolo Gessi, aliyetumwa na Gordon, alilizunguka kwa mashua mbili za chuma, na kosa hilo likasahihishwa. Urefu wa ziwa ni kama kilometa 160 tu, na upana wake kama 30. Wavuvi wetu walikuwa wamelijua tangu zamani, ila hawakuulizwa.

Je, mtu wa Djugu atalizungukaje kwa gari? Kwanza achague miezi ya ukavu, Desemba hata Februari, kwa maana matope hushika magari. Tena asidhani ataendesha kandokando ya maji, kwani upande wetu milima hushuka kwa ukali hata ziwani. Barabara hupita juu: Fataki, Mahagi, kisha mpaka wa Uganda na Nebbi. Huko Pakwach atavuka mto Nili kwa daraja. Kisha atashika njia ya Masindi, Hoima na Fort Portal, azunguke bonde la Semliki kwa upande wa kusini, arudi kwa njia ya Boga na Bunia.

Zamani ilikuwako njia nyingine. Tangu mwaka wa 1930 meli Robert Coryndon ilichukua wasafiri na mizigo kutoka Butiaba hata Kasenyi na Mahagi-Port. Miaka ya 1960 ilipoanza, maji yalipanda, bandari ya Butiaba ikaharibika, na meli ikazama.

Lakini safari kubwa kuliko zote haikupangwa na mtu. Mnamo Desemba 2017 mauaji yalianza tena Djugu. Mwanzoni mwa mwaka wa 2018 makumi ya maelfu ya ndugu zetu walishuka milima hiyo hiyo, wakaingia katika mitumbwi, wakavuka hata Sebagoro, na wengi wakapelekwa Kyangwali. Hao hawakutazama uzuri wa ziwa. Mama aliyeshika mtoto gizani alitazama ukingo wa pili tu.

Basi, ndugu wasomaji, twaona kwamba gari na mafuta hayatoshi kwa safari hii. Baker alikuja na bunduki, Gessi na mashua za chuma. Sisi twahitaji barabara ambayo Mhema na Mlendu wanaweza kuipita pamoja bila hofu, hata usiku. Wazee wanaojua vituo vya njia, wawatajie vijana majina yake tangu sasa, yasisahaulike kabla amani haijarudi. Siku itakapokuja, wajue pa kuanzia.