Risasi Mbili za Wawindaji wa Tembo

Risasi nene ni .470 Nitro Express ya Uingereza. Kichwa chake kina gramu 32, nayo bunduki yake ya mitutu miwili, ingawa ina kilo 5 hivi, hulipiga bega kwelikweli. Ilikusudiwa mnyama aliye karibu, si wa mbali.

Risasi nyembamba ni ya milimita 7 ya Mauser, ya Ujerumani, miaka ya 1890. Kichwa chake cha gramu 11, kirefu, hukata hewa bila kupoteza kasi upesi, na bega halilalamiki. Mskoti W. D. M. Bell, aliyewinda Karamoja, Uganda, aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi kwa risasi hii nyembamba. Alikuwa amepasua mafuvu ya tembo kwa msumeno ili ajue ubongo ulipo na kuulenga.