Kikapu Hiki Kimesukwa na Nani?

Siku moja niliwapeleka wanafunzi wangu katika soko la kazi za mikono mjini Kampala, ili wajifunze majina ya vitu kwa kuviona. Ungo, mkeka, chungu, kibuyu: yote waliyataja sawasawa. Kisha mmoja wao akainua kikapu cha ukindu, akamwuliza muuzaji, "Mama, hiki kimesukwa na nani?" Muuzaji akataja wilaya. Mtoto akarudia swali lake, akatajiwa bei. Tangu siku hiyo swali hilo hunijia kila nisomapo habari za maonyesho ya ufundi katika nchi hii ya Uganda.

Hapo kale jibu lake lilijulikana. Chukua nguo ya gome, ambayo Waganda huiita olubugo. Mafundi wake mashuhuri walikuwa wa ukoo wa Ngonge, chini ya mkuu wao wa kurithi aitwaye Kaboggoza, na waliufanyia kazi ukoo wa mfalme na watu wote pia. Gome la mti wa mutuba hubanduliwa majira ya mvua, na shina hufungwa majani ya mgomba lisikauke, hata gome lirudi tena. Kisha fundi huliponda kwa nyundo za mbao zenye mifuo, kuanzia ile ya mifuo mipana hata ile ya mifuo myembamba, ndani ya kibanda kisicho na kuta, mpaka lilainike na kutanda. Likianikwa juani hupata rangi ya kigae.

Katika karne ya 19 misafara ya wafanyabiashara Waarabu na Waswahili ilileta nguo za pamba kutoka pwani, na olubugo ikarudi nyuma, ikabaki zaidi katika mazishi, matambiko na sherehe za kumtawaza mfalme. Sisi tunaofundisha Kiswahili hatuna budi kukiri kwamba lugha yetu na merikani viliingia Buganda kwa njia moja.

Maonyesho ya namna tuijuayo leo yalikuja baadaye. Mwaka 1937 Bibi Margaret Trowell, Mwingereza, alianza kuwafundisha sanaa vijana wa Makerere nyumbani kwake. Mwaka 1938 kazi zao zilionyeshwa Namirembe, na mwaka 1939 zikavuka bahari hadi London. Miongoni mwa waliopitia mikononi mwake ni Gregory Maloba wa Kenya, aliyeunda Mnara wa Uhuru wa Kampala wa mwaka 1962, na Sam Ntiro wa Tanganyika, ambaye baadaye aliiwakilisha nchi yake London. Majina yao yamo vitabuni. Bibi huyo alizipenda pia kazi za wanavijiji, na mwaka 1953, pamoja na Klaus Wachsmann, alitoa kitabu kikubwa juu ya ufundi wa makabila ya Uganda. Ni hazina, sikatai. Lakini jina lake lenyewe lasema jambo: mchoraji ni mtu, msusi ni kabila.

Mwaka 2005 UNESCO iliitangaza kazi ya nguo ya gome kuwa urithi wa wanadamu wote. Mwaka 2022 Uganda ilikuwa na banda lake kwa mara ya kwanza katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice, kwa kazi za Acaye Kerunen na Collin Sekajugo, na waamuzi wakalitaja kwa heshima ya pekee. Kerunen hushirikiana na wanawake wasusi wa vijijini, wenye ukindu wao na nyuzi zao za mgomba. Mwaka 2024 yeye ndiye aliyesimamia onyesho la nchi huko huko Venice, likaitwa kwa lugha zetu: Wan Acel, Tuli Bamu, Turibamwe, pamoja na Kiingereza. (Kiswahili hakikuwamo, tungesema "Sisi ni Wamoja".) Miongoni mwa walioshiriki ni Xenson Ssenkaaba, Jose Hendo ashonaye mavazi ya gome, na Sanaa Gateja, ambaye jina lake halihitaji tafsiri kwa msomaji wa jarida hili. Na pamoja nao, katika orodha ile ile ya wasanii, lilitajwa kundi la wanawake wasusi.

Nilipowasimulia darasani habari hizo, yule mwanafunzi wangu aliinua mkono. Alitaka tuwaandike ubaoni wanawake hao, mmoja mmoja, kwa majina yao.