Baisikeli na Haki ya Njia

Wahenga walisema, "Mwenye nguvu mpishe." Katika mambo mengi neno hili ni busara, lakini barabarani limeua watu wengi. Historia ya baisikeli yatuonyesha jinsi wanyonge walivyodai njia yao wakaipata, na jinsi wanavyoweza kunyang'anywa tena kimya kimya.

Baisikeli ilianza Ujerumani mwaka 1817, Karl Drais alipounda chombo cha mbao chenye magurudumu mawili. Hakikuwa na pedali; mpandaji alijisukuma kwa miguu yake. Mwaka 1885 Mwingereza John Kemp Starley alitengeneza baisikeli yenye mnyororo, mfano wa hizi tuzionazo leo. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa wanyama mjini Belfast, alileta mpira wa gurudumu uliojazwa upepo, na safari ikawa laini. Lakini barabara zilikuwa za matope na mashimo. Wapanda baisikeli wa Marekani, waliokuwa na chama chao tangu mwaka 1880, wakaishika serikali iwatengenezee barabara njema. Basi na tukumbuke kwamba watu wa baisikeli walidai barabara nzuri kabla motokaa hazijaenea.

Motokaa zilipozidi, mgeni akawa mwenye nyumba. Katika nchi ya Uholanzi, mwaka 1971, ajali za barabarani ziliua watu zaidi ya 3,000, wakiwamo watoto zaidi ya 400. Wazazi hawakusema, "Ni kudura." Waliandamana, wakafunga barabara, wakadai watoto wao walindwe. Mwaka 1973 mafuta yakawa haba, na serikali ikaona faida ya baisikeli. Haba na haba zikajengwa njia za baisikeli zilizotengwa na magari, na nchi ile leo ni mfano kwa ulimwengu.

Kwetu Kenya baisikeli imekuwa punda wa maskini. Huko Busia, mpakani na Uganda, vijana wa miaka ya 1960 walibeba abiria na mizigo kwa baisikeli kutoka mpaka hata mpaka, na ndipo lilipozaliwa jina la bodaboda. Barabara kuu ya Thika, iliyokamilika mwaka 2012, iliwekewa sehemu za waendao kwa miguu na kwa baisikeli. Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilitoa sera ya kutenga asilimia 20 ya fedha zake za usafiri kwa ajili ya watu hao.

Lakini kuwapo kwa njia ni jambo moja, na njia kuwa wazi ni jambo jingine. Dereva huegesha motokaa yake juu ya njia ya baisikeli akasema, "Ni dakika mbili tu." Haoni kuwa amemdhuru mtu, kwa kuwa gari limesimama. Natufikiri. Mpanda baisikeli aja, akuta njia imezibwa. Hana budi kutoka aingie katikati ya magari yaendayo mbio, na yale yatokayo nyuma hayaoni. Akiwa anapita kando ya gari lile, mlango waweza kufunguliwa ghafula ukamwangusha mbele ya lori. Gari lililosimama halikumgonga, lakini ndilo lililompeleka mautini. Katika mwaka 2021 watu kama 1,190,000 walikufa barabarani duniani, na zaidi ya nusu yao walikuwa waenda kwa miguu na wapanda baisikeli na pikipiki.

Mwanafunzi wa Sangailu, kusini mwa Kaunti ya Garissa, aweza kuuliza, "Haya yanihusu nini? Njia zetu ni za mchanga, nazo twazitumia pamoja na mbuzi, ngamia na malori." Yamhusu sana, kwa kuwa sheria ya jambo hili aijua tangu utotoni. Kisimani kuna zamu. Mwenye ngamia mia hamsukumi mwenye mbuzi watatu, wala haruhusiwi kulaza mifugo yake mbele ya hori iliyo zamu ya mwenziwe. Akifanya hivyo wazee watamwita, kwa sababu wajua kuwa nguvu ikitawala kisimani, siku moja damu itamwagika.

Njia ya baisikeli ni hori ya mnyonge. Rangi iliyopakwa chini haimlindi mtu. Kinacholinda ni sheria na adabu ya watu. Ninyi msomao haya, wengine mtakuwa madereva, wengine askari wa barabarani, wengine wahandisi. Siku mtakapotafuta mahali pa kusimamisha gari, mkaona njia nyembamba iko tupu, msiseme haina mwenyewe. Mwenyewe yu njiani, aja.