Kwa nini kipimo cha viuatilifu kinaweza kuikosa glaifoseti

Ushirika unapopeleka sampuli ya maharage maabara, cheti kinaweza kurudi kikisema kwamba viuatilifu mamia kadhaa vimepimwa na hakuna kilichoonekana. Ni habari njema. Lakini glaifoseti, dawa ya kuua magugu iliyoingia sokoni mwaka 1974 na kuenea duniani kote, huenda haikupimwa kabisa. Hapa tunaeleza sababu.

Mtambo unavyofanya kazi

Maabara husaga sampuli, huichanganya na kimiminika kinachonyonya dawa, kisha husukuma kimiminika hicho kwa pampu ndani ya mrija mwembamba uitwao kolamu. Njia hii ni kromatografia ya kimiminika. Kolamu ya kawaida imejazwa chembe ndogo sana za silika zilizovikwa minyororo ya atomi 18 za kaboni, yenye tabia ya mafuta. Dawa zinazopenda mafuta hunata humo, kila moja kwa muda wake. Kwa hiyo hutoka kwa zamu na kutambuliwa.

Glaifoseti hupenda maji. Fikiria sufuria iliyopikiwa nyama yenye mafuta: ukiisuuza kwa maji baridi, chumvi huondoka mara moja, mafuta hubaki. Glaifoseti hupita kwenye kolamu kama chumvi hiyo, ikitoka mapema pamoja na chumvi na sukari za mazao, na kujificha humo. Tena, kimiminika kinachonyonya dawa nyingine nyingi huiacha nyuma kwenye maji.

Kolamu inavyobadilishwa

Kutumia maji matupu hakusaidii. Minyororo yenye tabia ya mafuta huyakataa maji, na kolamu hupoteza nguvu ya kushika. Watengenezaji wameongeza sehemu zinazopenda maji kwenye minyororo hiyo. Hilo husaidia kwa baadhi ya kemikali, lakini kwa glaifoseti halitoshi.

Njia nyingine ni kugeuza mpango wote. Mwaka 1990 mwanakemia Andrew Alpert alieleza mbinu ambayo chembe za kolamu hushika utando mwembamba wa maji, huku kimiminika kinachopita kikiwa na maji kidogo tu. Kemikali inayopenda maji huingia kwenye utando huo na kuchelewa. Maji yakiongezwa polepole, hutoka kwa zamu yake.

Zipo pia kolamu zinazovuta kemikali kwa chaji ya umeme, na nyingine za kaboni ya grafiti. Maabara isiyo na kolamu hizo inaweza kuiunganisha glaifoseti na kemikali inayopenda mafuta, ili ishikwe na kolamu ya kawaida. Kazi huongezeka.

Mambo ya kuuliza

Kwa kuwa kipimo hiki hufanywa peke yake, mara nyingi hulipiwa peke yake. Kabla ya kulipa, tunashauri muulize:

- Je, glaifoseti imo kwenye orodha ya dawa zitakazopimwa?
- Je, parakwati imo? Na etefoni, inayotumika kwenye mananasi? Nazo hupenda maji.
- Ni kiasi gani cha chini kabisa ambacho mtambo unaweza kukipima, na je, kiko chini ya kikomo cha mnunuzi?

Mkipata cheti, someni orodha jina kwa jina. "Haikuonekana" na "haikupimwa" ni majibu mawili tofauti, na mnunuzi akipima mwenyewe, tofauti hiyo inaweza kuwagharimu mzigo mzima.