Kasuku, njugu na ule mlio wa "tik"

Wasomaji wangu, leo naweka programu kando kidogo. Siku nyingi nilidhani kile kidude cha "tik" wanachoshika wanaofunza kasuku ni cha kumwamuru ndege. Kumbe ni risiti!

Mwanaprogramu atalijua tatizo: ucheleweshaji. Kasuku anainua mguu, lakini kabla hujampa njugu ameshaushusha na kugeuza kichwa. Sasa umemlipia nini? Ukishamzoesha kwamba mlio huleta njugu, "tik" inamwambia papo hapo: hilo ndilo, malipo yaja. Ni kama ujumbe wa M-Pesa kabla hujashika noti.

Chanzo chake ni vita. Mwaka 1943 huko Minneapolis, Marekani, ndani ya kinu cha unga, B. F. Skinner na wanafunzi wake walifunza njiwa kuongoza mabomu (eti!). Jeshi halikuwatumia. Mwanafunzi mmoja, Keller Breland, na mkewe Marian wakaanzisha biashara ya kufunza wanyama. Mwaka 1951 Skinner akawashauri wasomaji wa Scientific American watumie kidude cha mlio cha watoto.

Mwaka 1963 Karen Pryor akaanza kufunza pomboo Hawaii, kwa filimbi. Pomboo humchapi, ataogelea zake. Kasuku vilevile, ila huyu atakuuma kwanza.

Lakini mnyama si mashine. Mwaka 1961 akina Breland walikiri hadharani: nguruwe waliyemfunza kutia sarafu kwenye kibubu alianza kuziangusha njiani na kuzifukua kwa pua. Na njaa ilipozidi, alifukua zaidi.